Matofali ya Mzee Nyangwine

Matofali ya kaburi yalimwagwa uani kwetu Ringwani wakati mwenye kaburi yumo ndani, anapumua, na masikio yake yanafanya kazi. Sitaki mtu aniambie ilikuwa bahati mbaya. Tuliyaagiza sisi wenyewe, watu wazima wenye akili zetu, na mimi nilikuwa katikati yao nikigawa chai. Hadi leo nikiona lori la matofali linapanda kilima uso wangu unapata moto.

Jina langu ni Ghati, mke wa Zablon, na Zablon ni kifungua mimba wa Mzee Nyangwine. Niliolewa katika mji huu, boma la Nyangwine, nikiwa binti, sasa nina wajukuu. Miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga nyumba ya baba mkwe wangu, sikuwahi kumpa mkono, wala sikumtazama machoni hata kwa muda wa kumaliza salamu. Asubuhi nilisimama mbali, nikainama, nikasema, "Shikamoo tata," yaani baba, naye akaitika, "Marahaba mkamwana," huku macho yake yako kwa ng'ombe. Chakula chake nilikiweka juu ya kigoda nje ya mlango wake, nikakohoa, nikaondoka. Hiyo ndiyo ensoni, soni iliyopo kati ya baba na mkamwana, na kwa kiasi chake kati ya baba na mwanawe wa kiume. Wageni wakiiona wanadhani ni chuki. Si chuki hata kidogo. Tuliheshimiana, na nathubutu kusema tulipendana, kwa kikohozi na kigoda.

Sasa soni hiyo inafika mpaka chooni. Mkwe na mkamwana hawaendi choo kimoja, hata kama mmoja wao anakata roho. Sisi tulikuwa na chetu nyuma ya jikoni, na mzee alikuwa na chake nyuma ya zizi, cha magogo na udongo na kipande cha bati juu. Mvua za masika ya mwaka jana zilikimaliza. Magogo yalikuwa yameoza chini kwa chini, na asubuhi moja tulikuta shimo limemeza kuta zake, bati limelala juu kama kifuniko cha sufuria.

Tangu siku hiyo mzee akawa anatoka kabla hapajapambazuka vizuri. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine kijembe kidogo cha palizi, na lile pama lake, kofia ya ukingo mpana, kichwani, anakata katikati ya mahindi kuelekea kichakani. Alikuwa mtu mzima wa kupitiliza, magoti yamekwisha, anateremka mteremko ule kwa kushika mabua. Nilikuwa namwona kutoka jikoni nikiwasha moto. Nikawa nageuza uso.

"Baba Philo," nilimwambia mume wangu, maana mtoto wetu wa kwanza ni Philomena, "choo cha tata kimeanguka."

"Nimeona."

"Sasa?"

"Sasa nini? Nimwendee baba nimwambie kwamba namwona anakokwenda? Wewe unaweza kumwambia?"

Mimi? Mimi hata kutamka neno choo na jina la mzee katika sentensi moja kulinifanya nishushe sauti. Basi tukanyamaza wote wawili, tukajiona watu wenye adabu.

Mzee mwenyewe alijaribu. Jioni moja alikuwa ameketi nje na Zablon, nami napepeta ulezi upande wa pili. Akatazama mawingu, akasema, "Mvua ya mwaka huu imeharibu sana huko nyuma ya zizi." Zablon akajibu, "Kweli baba, imeharibu." Kwa mtu wa rika la Mzee Nyangwine, kumwambia mwanawe vile ilikuwa sawa na kupiga magoti, na Zablon alilijua hilo, kwa sababu nilimwona akiinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Msimu huohuo alijenga banda la pikipiki. Pikipiki ikapata paa. Mzee akaendelea kushika mabua, na mahindi yalipovunwa hakuwa na cha kushika.

Akaanguka siku ya mnada, Zablon ameondoka na ng'ombe mapema. Nilikuwa nafagia niliposikia sauti chini kule. Hakuita jina langu. Aliita tu, "Kuna mtu?" huku anajua vizuri mtu gani alikuwepo.

Nilimkuta amelala ubavu, suruali imekwama magotini, na haja yenyewe ameiangukia. Aliponiona alichukua pama lake akajifunika uso. Nikasema, "Tata, ni mimi." Akasema kutoka ndani ya pama, "Nenda kaite mwanamume." Nilipanda mbio hadi njiani, nikaangalia huku na huku. Wanaume wote walikuwa mnadani. Nikarudi. Nikamwambia hakuna mwanamume. Pama lilitikisika.

Nilimbeba mgongoni kama anavyobebwa mtoto. Alikuwa mwepesi, na wepesi ule ulinitisha kuliko uzito. Nilimlaza nyuma ya nyumba yake, nikateka maji, nikamwosha kila mahali palipohitaji kuoshwa, mimi, mkamwana wake, ambaye sijawahi kumgusa hata kidole. Yeye hakutoa pama usoni hata mara moja. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Sawa, lakini maiti hajui kwamba mwosha ameijua. Huyu alikuwa anajua.

Kesho yake nilisimama mahali pangu pa siku zote, nikasema shikamoo tata. Hakuitika. Uji niliouweka juu ya kigoda ulishinda hapo mpaka ukafanya utando. Zablon akauingiza ndani mwenyewe, ukatoka vilevile. Kesho yake hivyohivyo, na nyingine tena. Tukampeleka hospitali Mugumu. Daktari, kijana mpole, alimpima akasema nyonga haijavunjika, imeumia tu, na kifua kina tatizo kidogo ambalo dawa zitalimaliza. "Shida ni kwamba hali chakula," alituambia. "Na umri nao umekwenda. Mrudisheni nyumbani, mpeni anachotaka."

Mtu wa huku akiambiwa mrudisheni nyumbani, haendelei kusikiliza. Njia nzima ya kurudi tulikuwa tunawaza turubai litakodiwa wapi. Mpeni anachotaka, alisema daktari, na kati yetu hakuna hata mmoja aliyemuuliza mzee anataka nini.

Wakaja wenzetu. Vicent, mdogo wake Zablon, alitoka Mwanza na gari lake. Judith, kitinda mimba, alitoka Musoma akilia tangu stendi. Waliingia kwa baba yao, wakamkuta amegeukia ukuta, pama liko usoni, wakatoka wamefunga midomo kwa viganja. Aliyekuwa anamhudumia kule ndani ni rafiki yake wa rika moja, Mzee Stanslaus wa mji wa jirani, maana watu wa rika moja hawana soni. Stanslaus mwenyewe alikuwa anatembea kwa fimbo mbili. Alifika kila asubuhi, anamgeuza mwenzake, anamfuta, anahema, anapumzika, anaendelea. Tulimshukuru sana. Hatukuona haya kwamba mzee mmoja mgonjwa anauguzwa na mzee mwingine anayestahili kuuguzwa. Haya yetu ilikuwa na mahali pake maalumu, na hapo haikuwepo.

Kikao kilifanyika sebuleni kwangu. Vicent ndiye aliyeongea zaidi, kama kawaida ya watu wanaokuja kwa gari. "Mzee wetu hatazikwa kama mtu asiye na watoto," alisema. "Kaburi la matofali, zege juu, vigae vyeupe. Watu wakija waone." Zablon akaitikia. Judith akauliza habari ya sare. Na mimi, niliyekuwa natembeza chai, mimi niliyembeba mzee mgongoni na kuujua wepesi wake, niliulizwa wanawake wavae kitenge gani. Nikasema cha zambarau. Nikaeleza na kwa nini. Zambarau hainikatai.

Tulimwita Fundi Faraji kutoka Mugumu. Ni Mwislamu, mtu wa kofia ya kufuma na maneno machache, lakini makaburi ya Wakristo wilaya nzima yamepita mikononi mwake, na akionekana na kamba yake katika mji wowote, majirani wanaanza kuuliza nani. Alipiga vigingi vyake karibu na zizi, mahali wanapolazwa wazee wa mji huu. Kutoka pale hadi dirisha la mzee ni mwendo wa mtu kutema mate.

Siku iliyofuata lori likaja. Likainua tumbo lake, matofali yakamwagika kwa kishindo, kuku wakatawanyika, vumbi likapanda hadi dirishani. Dereva akazima injini. Katika ukimya ule tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu hospitali.

"Kitu gani hicho?"

Zablon alikuwa ndiye aliye karibu na dirisha. Akanitazama. Mimi nikatazama chini.

"Ni matofali, baba."

"Ya nini?"

Vicent alikuwa ameshika simu mkononi, mdomo wazi. Faraji akavua kofia yake akaikung'uta vumbi taratibu sana.

"Ya choo," Zablon alisema. "Tunakujengea choo, baba. Hapahapa karibu."

Nilidhani amelala. Halafu akasema, "Mkamwana yuko wapi?"

"Yuko hapa."

"Mwambie alete uji."

Nilipika ule uji wa ulezi, nikamwaga maziwa nusu chini. Niliuweka juu ya kigoda, nikakohoa, nikarudi nyuma. Stanslaus akaufuata mlangoni. Baada ya muda kikombe kikatoka kitupu, kimefutwa na kidole kabisa. Niliingia jikoni nikaketi sakafuni nikalia. Msidhani nililia kwa furaha. Nililia kwa sababu uongo wa mume wangu ndio uliomlisha baba yake, wakati ukweli wetu ulikuwa unamuua.

Jioni kikao kikarudi, na safari hii kilikuwa na moto.

"Wewe umesema nini pale?" Vicent alimwuliza kaka yake. "Matofali ya kaburi ujengee choo? Mzee amekunywa uji mara moja tu. Keshokutwa akituacha tunamfunika na nini?"

"Ni nuksi," Judith akasema. "Kitu cha kaburi kisirudishwe."

"Niseme nini sasa?" Zablon akajibu. "Nimwambie ni ya kwake?"

"Usingesema kitu! Mzee ni mgonjwa, angesahau."

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Sijui liliniponyoka au nililitupa, lakini lilipiga sakafu na chai ikamrukia Vicent kwenye soksi, na nikajisikia naongea, mkamwana wa mji, mbele ya shemeji, nimesimama.

"Mzee hasahau," nilisema. "Tangu masika anakwenda kichakani kama mbwa. Choo chake kilianguka, tukakiona, tukanyamaza. Ameanguka kule, na mimi ndiye niliyemwosha. Mimi, Vicent! Nimemwosha baba yenu uchi wake wote! Halafu mnasema anakufa. Hafi! Anaogopa kula. Akila ataenda haja, akienda haja atamtegemea nani? Mimi tena? Mngekuwa nyinyi mngekula?"

Judith alijifunika uso kwa khanga. Zablon aliinama mpaka nikaona upara wake wote, na nilimwonea huruma na hasira pamoja, kwa sababu niliyoyasema juu yake yalikuwa juu yangu pia. Nilikuwa namwona mzee kila siku kutoka jikoni. Mdomo huu niliokuwa nafoka nao ulikuwa nao tangu masika, haukuwa umeazimwa na mtu.

"Mbona hamkuniambia?" Vicent akauliza, sauti imeshuka.

"Alikuambia mwenyewe," Zablon akasema bila kuinua kichwa. "Pasaka ulipokuja. Si alikupeleka nyuma ya zizi?"

Vicent akafikiri. Nikauona uso wake unavyobadilika. Kweli Pasaka ile mzee alimshika mkono, akajikokota naye hadi kwenye lile shimo lenye bati, akasimama hapo, hakusema neno. Vicent akageuka akawaona ng'ombe wanarudi na jua limewaka mgongoni mwao, akapiga picha. Aliituma kwenye kundi letu la familia. Chini yake aliandika, Nyumbani ni nyumbani. Sote tulimwekea mioyo.

Asubuhi Vicent alivua viatu vyake vya Mwanza, akakunja suruali, akachukua sururu. Yeye na Zablon wakaanza kuchimba kwenye ukuta wa nyumba ya baba yao, upande ambao mlango wake hauonani na nyumba yangu. Walichimba kama watu wanaofukuzwa. Faraji alikuwa amesimama juu yao na kamba, matofali yako kando, na saruji, na vile vigae vyeupe kwenye maboksi.

Sasa fikiria unapita njiani unaona hivyo. Mama Scholastica wa jumuiya yetu alikuwa anatoka kisimani. Akawaona watoto wawili wa Mzee Nyangwine wamezama shimoni hadi kifuani, akamwona Faraji. Akatua ndoo, akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele ambao nadhani ulifika Mugumu. "Tata weee! Nyangwine umetuacha!" Kabla sijamfikia wengine wawili walikuwa wameshaitikia, na mmoja anakuja mbio na mzigo wa kuni kichwani, kuni za msibani. Nilikuwa nawakonyeza, nawapungia mikono wanyamaze, wao wakadhani nimepagawa kwa uchungu, wakanishika wanifariji.

Ndipo tukasikia kutoka dirishani, "Nani amekufa?"

Kelele zikakatika. Mama Scholastica alibaki na mdomo wazi, mikono bado iko kichwani. Wanaume wale wawili waliganda shimoni, na ningesema wangependa lifukiwe wakiwa humohumo. Aliyejibu ni Stanslaus, yumo ndani na mwenzake.

"Wewe," alisema.

"Lini?"

"Jana. Lori ndilo lililoleta habari."

Wakaanza kucheka. Wazee wawili, wana mapafu mabovu, wanacheka na kukohoa, wanakohoa na kucheka, kitanda kinalia. Sijawahi kusikia kicheko kilichonichoma vile. Ndipo tukajua kwamba alikuwa anajua. Alisikia vigingi vikipigwa, alimwona Faraji kupitia dirishani, alijua matofali ni ya nini kabla Zablon hajafungua mdomo. Alimwacha mwanawe aseme uongo, halafu akaushika uongo ule kwa mikono miwili, maana ndani yake kulikuwa na choo.

Kilijengwa kizuri. Faraji alikiwekea bakuli la kukalia, vyuma viwili vya kushikilia, na vile vigae vyeupe vya kaburi vikapanda ukutani hadi usawa wa bega. Mzee alikuwa anakula sasa, ugali kidogo, mlenda, maziwa. Siku kilipokamilika alitolewa nje kwa kiti akikague. Mimi nilikuwa nyuma ya kona ya jikoni, mahali pangu.

"Faraji," mzee alisema, "wewe si fundi wa makaburi?"

"Najenga na vyoo, mzee wangu."

"Umenijengea vipi hiki?"

"Kama cha kwangu mwenyewe."

Mzee akapitisha kiganja kwenye vigae. Akawageukia wanawe, waliokuwa wamesimama mikono nyuma kama wanafunzi waliochelewa. "Mura," alimwambia Vicent, yaani kijana, "kazi nzuri." Halafu akawaambia wote wawili, "Mmenijengea hiki. Msinijengee kingine. Siku yangu ikifika nipeni udongo, mimi na udongo hatuna soni."

Zablon alisema tu, "Ndiyo, baba." Ilikuwa sauti ileile aliyoitikia nayo jioni ile ya maneno ya mvua, na nilimwona anajua hivyo.

Kesho yake nilitoka na ufagio. Nikasikia komeo linavutwa, mlango wa choo ukafunguka, mzee akatoka na fimbo yake, akaufunga nyuma yake mwenyewe, akasimama, akapumua. Pama lilikuwa kichwani, si usoni. Nikainama nilipokuwa. "Shikamoo tata." Akatazama ng'ombe.

"Marahaba, mkamwana."

Yeye soni yake ilikuwa imekwisha siku hiyo. Aliiachia mle ndani, akafunga mlango. Yangu ilibaki nje na mimi, naendelea nayo.

Aliishi hadi mvua za vuli. Alikuwa anatembea mwenyewe toka kitandani hadi chooni na kurudi, hakuhitaji mtu, na asubuhi moja Stanslaus alipokuja kumwamkia alimkuta ametulia. Tulimzika karibu na zizi, kwenye udongo mtupu, hakuna tofali, hakuna kigae. Hatukuvaa sare. Nilimwambia Judith sitaki hata kuisikia hiyo zambarau.

Watu walijaa. Wa Mugumu, wa Musoma, wafanyakazi wenzake Vicent kutoka Mwanza na miwani yao myeusi. Wakitazama lile tuta la udongo walikuwa wanatazamana, wanajiuliza wana walikuwa wapi. Halafu watu wakitaka kujisaidia, watapelekwa wapi? Wanawake wakapanga mstari ukutani kwa mzee, na kila anayetoka anatoka na uso mwingine. Mmoja, mke wa mfanyabiashara wa Mugumu, alinijia mbele ya watu na mikono yake imelowa maji, akanikumbatia.

"Ghati, mmemtunza baba yenu," alisema kwa sauti. "Choo cha vigae! Na vyuma vya kushikilia! Wengine wazazi wao wanakufa wanaenda kichakani. Mungu awabariki jamani."

"Kweli kabisa," wenzake wakaitikia. "Watoto wa siku hizi wangapi wanakumbuka hilo?"

Zablon alikuwa karibu yangu. Alitazama viatu vyake, akasema, "Asante." Kisha wote wakanigeukia mimi, wanangoja na mimi niseme.

Nikasema maji yatakuwa yameisha kule ndani. Nikachukua ndoo nikawapita, nikaingia, nikavuta komeo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia mle. Vigae vilikuwa vinang'aa. Kwenye msumari nyuma ya mlango lilikuwa limetundikwa pama lake, alilitundika mara ya mwisho na hakuna aliyekumbuka kulitoa. Nililishusha. Nikaketi juu ya ndoo, nikajifunika uso nalo, nikabaki hivyo.

Mtu akagonga mlango kwa nje, akauliza kama kuna mtu.

Nikakohoa.